Jina Kwenye Pindo la Sketi

Nurys Cantillo alijipatia riziki kwa picha za harusi na ubatizo katika mtaa wa Barrio Abajo, mjini Barranquilla, Kolombia, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kanivali. Kila mwaka aliwapiga picha wacheza ngoma ya kumbia, akaziweka mtandaoni, na watu wakaziiba. Aliandika jina lake pembeni, wakaikata pembe. Akalihamishia katikati, herufi nene nyeupe. Hapo akaja juu jirani yake Edelmira, mchezaji wa kumbia tangu usichana, ambaye picha mojawapo ilikuwa yake.

"Umeniandika usoni kama gunia la mchele, shoga. Nimejipamba vile ili uonekane wewe?"

Nurys alicheka, ila maneno yalimchoma. Mchana ule akaifungua upya picha ile kwenye kompyuta. Akaliandika jina kwenye tabaka la peke yake juu ya picha, akazipinda herufi zifuate pindo la sketi, kisha akazififisha kidogo kidogo mpaka zikafanana na lesi.

"Liko wapi sasa?" Edelmira akauliza.

"Litafute."

"Silioni."

"Basi limekaa."

Kanivali iliyofuata, kampuni moja ya matangazo iliichukua picha hiyo hiyo mtandaoni ikaitundika kwenye ukuta wa ghorofa, kubwa kama nyumba, bila kumuuliza mtu. Siku ya kuizindua Nurys alisimama nyuma ya umati, mkate wa mahindi, arepa, mkononi. Edelmira, amevaa sketi yake, akamvuta mpaka mbele.

"Picha nzuri, bwana," akamwambia mwenye kampuni. "Kaipiga nani?"

"Mpiga picha wetu, mama."

"Mbona sketi yangu inasema mengine?"

Watu wakainua macho. Kwa ukubwa ule, lesi ilikuwa imegeuka maandishi. Mpiga ngoma mmoja akaanza kusoma kwa kukata silabi; wenzake wakamfuata kwa ngoma, na mtaa mzima ukaitikia: Nurys Cantillo, Nurys Cantillo. Mwenye kampuni aliomba utulivu, hakuna aliyemsikia. Mwishowe akamkabidhi Nurys kipaza sauti na kuomba radhi mbele ya wote.

"Picha ibaki," Nurys akasema. "Ila chini yake liandikwe na jina la huyu anayecheza."

Liliandikwa kabla gwaride halijapita. Edelmira akapita chini yake akiwa ameipanua sketi yote, na Nurys akarudi nyuma hatua chache, akainua kamera.