Besheni ya Mwenyekiti

Katika kanisa letu kule mtaa wa Mowlem, Alhamisi Kuu ilikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Padri aliwaosha miguu watu kumi na wawili, na kila jumuiya ndogo ya waumini ilimtuma mwenyekiti wake. Wenyeviti walifika wakiwa wameshajiosha nyumbani. Baba, mwenyekiti wetu, alishinda mchana kwenye stuli akijisugua visigino kwa jiwe.

"Sasa Padri ataosha nini?" Mama alimtania.

"Wewe unataka niaibike mbele ya watu?"

Jioni hiyo padri mpya aligeuza mambo. Wenyeviti hawataketi, alisema. Wao ndio watakaoosha. Kwenye viti aliwaketisha watu aliowaalika mwenyewe, wanaofanya kazi mitaani mwetu: mlinzi, dobi, muuza maji. Mbele ya Baba akaketi mzoa taka wetu.

Nilijikunyata. Wiki chache kabla, mtu huyo aliomba kunawa miguu kwenye mfereji wa ploti yetu baada ya kazi, na Baba akamfukuza. "Hapa tunachota maji ya kunywa!" Wapangaji wote walisikia. Sasa walikuwa kwenye mabenchi nyuma yangu, wakingoja kuona kama mwenyekiti atapiga magoti au atatoka nje.

Baba alisimama na besheni mkononi hadi kwaya ikarudia ubeti wa kwanza. Kisha akainama kidogo tu, akamwagia vidole vya mtu yule maji kama anayesuuza kijiko.

"Mzee wangu," mzoa taka akamwambia bila haraka, "huko kuko safi. Matope iko kisigino."

Kicheko kilianzia mbele kikafika mlangoni. Padri aliuma mdomo. Nilidhani Baba ataiweka besheni chini aondoke. Aliiweka chini kweli, lakini akashuka nayo, goti moja, kisha la pili, akaushika ule mguu kwa mikono yote miwili.

Tangu utotoni nilifundishwa kwamba aliye mkubwa ni yule anayetumikia wengine. Sikuwahi kufikiri kwamba anayetumikiwa anaweza kumsahihisha anayemtumikia.

"Hapa?" Baba aliuliza.

"Nyuma kidogo. Hapo hapo."

Baba alisugua. Maji yakawa meusi. Akaukausha mguu kwa taulo, akauweka sakafuni taratibu, kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Lete wa pili."