Neno nililokaa nalo miaka miwili, Atupele

Nimeandika na kufuta chapisho hili mara nne. Akili yangu bado inagoma. Jumatano iliyopita Atupele alinitumia meseji kwamba hatakuja shuleni, ana homa kidogo, nimsalimie darasa. Leo asubuhi gari limetoka Mtwara na mwili wake kwenda kwao Tukuyu.

Kwa msiomjua: Atupele alikuwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, hospitalini wenzake wanasema OT. Kazi yake ilikuwa watoto ambao sisi wengine tunawaita watundu, wakorofi, wenye majini. Kila Jumatano alipanda bajaji mpaka Mikindani, kwenye darasa langu la awali.

Siku ya kwanza alimkuta Shamimu, binti wa miaka mitano, yuko chini ya dawati kajiziba masikio. Mimi kashaning'ata mkono. Nilikuwa nimeshamwambia Mwalimu Mkuu kwamba mtoto huyu amenishinda, arudishwe kwao.

Atupele akakaa sakafuni na sare yake nyeupe, mbali kidogo na dawati. Muda ukaenda mpaka mimi nikaanza kuona aibu kwa niaba yake. Mwishowe Shamimu akatoka mwenyewe.

"Dada, huyu si mkorofi," akaniambia baadaye. "Kelele za darasa zinamwingia zote kwa mpigo. Ukimwambia atulie, hajui aanzie wapi. Inabidi tumfundishe njia."

Njia yenyewe tuliipata jikoni. Shamimu alikuwa akifika pale mpishi wa shule anapotwanga kisamvu, anasimama, anatulia. Atupele akasema kazi nzito ya mikono na mabega inautuliza mwili wa mtoto kama huyu, tumpe kinu kabla ya vipindi. Akaniuliza kama naruhusu. Nikasema ndiyo, tena nikaleta mchi mdogo kutoka nyumbani kwangu.

Dakika kumi tu za kutwanga kila asubuhi. Wiki ya tatu Shamimu alikaa kwenye mkeka mpaka wimbo wa mwisho. Nilikwenda nyuma ya darasa nikalia.

Kuna siku kinu kilipinduka, kisamvu chote mchangani. Mimi mbio kwenda kuokota. Atu akanishika kanga: "Mwache kwanza, dada."

Shamimu alikunja ngumi, midomo inamtetemeka. Halafu akapuliza pumzi taratibu kama anapoza uji, vile alivyofundishwa. Akainama, akaanza kuokota. Mchana huo tulikula kisamvu chenye mchanga, na Atu akaomba kuongezwa.

Alikuwa na vituko vyake. Jua la Mtwara alilichukulia kama ugomvi binafsi. Ming'oko alianza kwa kuicheka, "hii mizizi mnakula kweli?", baada ya mwezi haondoki Mikindani bila mfuko wake na pilipili pembeni.

Sasa niseme lililonifanya niandike.

Baba yake Shamimu anafanya kazi bandarini. Jumatano moja asubuhi alirudi kuleta daftari lililosahaulika, akamkuta binti yake kwenye kinu. Tukaitwa wote ofisini. Baba mtu ndiye aliyeanza.

"Mimi nimeleta mtoto asome. Nyie mmemfanya mtumishi wenu wa jikoni?"

Mwalimu Mkuu akauliza nani ameruhusu. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Niliiona akilini barua ya onyo yenye jina langu, nikaangalia sakafu.

"Ni mimi," Atupele akasema. "Naomba unisamehe, baba. Nilipaswa kuja kwako kwanza."

Alitukanwa nikiwa nimekaa pembeni yake, na akapokea yote. Shamimu akaondolewa shule siku hiyohiyo.

Hakunigeukia. Hakuniuliza kitu. Alikwenda kwa yule baba peke yake, jioni baada ya kazi, akafukuzwa, akarudi tena. Sijui ni mara ngapi. Alimwomba atwange na mwanawe hapo nyumbani aone mwenyewe. Baada ya mwezi na kitu Shamimu alirudi kwenye mkeka wangu, baba yake kamshika mkono. Kinu kikaendelea, safari hii kwa ruhusa yake.

Shamimu sasa yuko darasa la pili. Miaka miwili yote hiyo, kila Jumatano, nilijiambia leo nitamwomba Atu radhi. Naishia kumnunulia ming'oko. Nilikuwa mwoga, na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo nilivyozidi kuona aibu.

Jana msibani nilimkuta baba Shamimu amekaa chini ya turubai. Nikamfuata. Nikamwambia siku ile Atupele hakuwa peke yake, mimi mwalimu wa darasa niliruhusu, halafu nikanyamaza.

"Najua, mwalimu," akasema. "Uso wako ulionyesha siku ileile. Nilimuuliza dada Atupele, kwa nini nimrudishe mtoto kwa mwalimu anayekaa kimya vile? Akasema uliogopa tu, si mtu mbaya. Akaniambia nisikubane, utasema mwenyewe ukishatulia."

Kumbe na mimi nilikuwa mmoja wa watoto wake wa Jumatano.

Atu, nimesema. Nimechelewa, lakini nimesema, na hapa narudia mbele ya kila anayesoma: niliruhusu mimi, na nilikuacha peke yako. Ulinisubiri miaka miwili bila kunikumbusha hata mara moja.

Nisamehe. Ulale vyema huko kwenu, mdogo wangu.