Kipimo cha Marehemu

Fundi alikuwa mbishi, na kwa ushonaji alijiona hana mpinzani. Mkewe alipofariki alimwachia karatasi zilizokatwa kwa vipimo vyake, za kukatia nguo zake, na kwa miaka mitatu akawa anamkatia binti yao magauni kwa karatasi hizo hizo. Huyu ni mama yake mtupu, alisema, kumpima kwa nini?

Wiki hiyo mtawa wa Kibudha aliyekuwa akipita mjini alileta joho lake limechanika. Fundi akaona limeungwa vipande vipande, akamtania kwamba aliyelishona aliishiwa kitambaa. Mtawa akacheka. Akaeleza kuwa hukatwa makusudi, mtu asije akalipenda mno. Likichakaa hugeuzwa tandiko, kisha tambara la sakafu, mwisho huchanganywa na udongo wa kukandika ukuta. Buddha alifundisha kwamba kila kilichoungwa kitaachana, na anayeking'ang'ania ndiye anayeumia. Fundi alinuna. Mishono yake yeye haiachani, alijibu, akamrudishia joho lake.

Kesho yake binti akaleta gauni litiwe kifungo. Fundi akaligeuza ndani nje. Ubavuni palikuwa na kipande cha kuongezea, na mshono haukuwa wake. Ulikuwa wa yule fundi wa ng'ambo ya barabara, mtu ambaye hata pindo humpiga chenga. Hasira zikampanda.

"Tangu lini?"

"Tangu la kwanza, baba. Yote yananibana. Mama alikuwa na mabega madogo. Nikikuona unavyozikunjua zile karatasi, nashindwa kukwambia."

Magauni tisa! Fundi alikaa kwenye kigoda chake, na kilichomuuma hakikuwa tena yule jirani. Mtoto alikuwa amejibana miaka mitatu ili baba asiumie. Tena ukweli mwingine aliujua siku zote: mwaka ule wa maradhi ya mkewe, karatasi zile hazikumfaa hata yeye mwenyewe. Fundi ndiye aliyekuwa akimpunguzia nguo kadiri alivyokonda, kila mwezi kidogo, na karatasi hakuzigusa.

Akatandaza karatasi mpya mezani.

"Simama wima," alisema. "Nyoosha mgongo."

Binti akasimama. Fundi alipima mabega mara mbili, maana macho yalikuwa yamejaa machozi, kisha akaandika namba ambayo hakuwahi kuijua.