Wewe Simu, Mwambie Baba

Simu yangu ya zamani ilikuwa kiswaswadu cha kawaida chenye tochi, na kitufe chake cha namba tano kilikuwa kimezama hadi nikawa nakibonyeza kwa ncha ya kalamu. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi kule Mgololo, na nyumbani kwetu Ilomba alifika kila mwisho wa mwezi. Alinisihi ninunue simu ya kupangusa kama watu wengine. Nilikwenda sokoni Mwanjelwa, nikarudi na simu ya kukunja, nyekundu, yenye vitufe vikubwa hata bibi angeviona bila miwani.

Kwa ambaye hajawahi kuitumia, asiogope, ni rahisi. Imefunikwa kama kitabu kidogo, na juu ya mfuniko kuna kioo kinachoonyesha saa na jina la anayepiga. Ukiifungua wakati inaita, umeshapokea. Ukiifunga, umeshakata. Basi. Wiki ya kwanza niliwakatia watu wengi bila kukusudia, maana nilizoea kubana simu kati ya bega na shavu huku nakoroga ugali, na hii ukiibana inajifunga yenyewe. Mimi ni Mhehe wa Iringa, na watu husema hasira zetu ziko karibu, kwa hiyo habari zilienea haraka kwamba Mhehe kakasirika. Ilinibidi nipige simu kuomba radhi, na mbili kati ya hizo nazo nikazikata.

Lakini nilivyoipenda! Niliipenda hasa kwa ule mlio wake wa kujifunga, ta! Nilikuwa naifungua na kuifunga bila sababu yoyote, nikisubiri maharage yaive au sabuni ikolee kwenye nguo.

"Shoga, utakuja kuing'oa bawaba," jirani yangu alinitania kutoka upande wa pili wa ua.

"Mbona mlango wako unaufungua kutwa nzima kuchungulia watu, na haujang'oka?"

Mchezo huo ndio ulioniponza, na ili uelewe ulivyoniponza, lazima nieleze jambo moja la ukweni.

Mume wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Kwa desturi ya kwao, mkamwana na baba mkwe hawakutani. Hawaangaliani usoni, hawasemezani, na mmoja akija njiani mwingine anapisha. Si ugomvi. Ndiyo heshima yenyewe, na mgeni huchukua muda kuizoea. Familia nyingi siku hizi zimelegeza, ila baba mkwe wangu hakulegeza hata kidogo. Miaka yote ya ndoa yangu nilimfahamu kwa mgongo, kofia na sauti ya mbali. Jina lake likitokea kwenye simu nilimpa mume wangu, na asipokuwepo niliiacha iite mpaka ichoke.

Sasa mzee alikuwa anapoteza macho. Ulikuwa mtoto wa jicho, na daktari alisema akifanyiwa upasuaji hapa mjini ataona tena. Mume wangu alimbembeleza aje akae kwetu atibiwe. Jibu lilikuwa "siji", kila mara, na sababu hakuitoa.

Asubuhi moja nilikuwa uani napepeta mchele wa Rujewa. Nikapumzika, nikaichukua simu, nikaifungua kwa mchezo wangu ule ule. Kumbe ilikuwa imeanza kuita.

"Haloo! Mwanangu!"

Ilikuwa sauti ya baba mkwe. Alitaka kumpigia mwanawe, na kwa macho yale akabonyeza jina langu. Nikisema, nimevunja mwiko. Nikiifunga, nimemkatia mzee simu. Nikabaki nimeishikilia wazi mkononi kama yai.

"Mbona kimya? Haya, nyamaza, nisikilize. Leo nimetia chumvi kwenye chai. Nimeinywa, nifanyeje? Lakini usinibembeleze tena nije huko. Wewe uko Mgololo, nyumbani yupo mkamwana peke yake. Wakishanifunga kitambaa machoni, nitajuaje kama anapita? Nitamgonga kama ndama! Bora nipofuke kwangu kuliko kumvunjia heshima mtoto wa watu."

Machozi yakanitoka, na kicheko nacho kikawa kinanikaba. Kumbe sababu ilikuwa mimi.

Hapo nikakumbuka alichonifundisha wifi yangu nilipoolewa. Ukiwa na neno la lazima kwa baba mkwe, unamwambia kuku aliye karibu, na baba atasikia kwa bahati tu. Nikatazama huku na huku. Kuku hakuwepo hata mmoja. Nikaiinamia simu.

"Wewe simu," nikasema, "ungekuwa na akili ungemwambia baba kwamba kuna chumba cha uani, kina mlango wake, na aliyekuwa amepanga amehama. Jirani atampelekea chakula. Hakuna atakayemgonga mtu."

Sauti ikarudi, ya chini, yenye adabu, kana kwamba anaongea na mgeni mkubwa.

"Simu, hicho chumba kinavuja?"

"Simu, mwambie hakivuji."

"Na huyo jirani, anajua kupika ndizi?"

"Simu, mwambie ndizi zitapikwa na mtu mwingine, jirani ni wa kubeba tu."

Akacheka! Sijawahi kusikia kicheko kile kabla. "Ndaga fijo, simu," akasema, yaani asante sana kwa kwao, kisha akakata yeye.

Mume wangu aliomba ruhusa kazini akamleta. Nilijifungia jikoni wakati wanapita. Baada ya upasuaji mzee akakaa chumba cha uani na kitambaa jichoni, nami nikawa nampigia kutoka jikoni, hatua chache tu. Simu, mwambie baba maji ya kuoga yako mlangoni. Naye: simu, mwambie mpishi ndizi za jana zilizidi za juzi. Jirani akipita na sahani alikuwa akicheka mpaka mchuzi unamwagika.

"Mtu na mkwe wake wako ua mmoja, wanamaliza vocha!"

"Beba sahani, shoga, hayakuhusu."

Siku ya kufunguliwa kitambaa, mume wangu alimpeleka hospitali, nami nikabaki nyumbani nimeshindwa kufanya kazi yoyote. Sufuria moja niliisugua mara mbili. Niliposikia mlango wa nje unafunguliwa nilikimbilia jikoni, nikasimama nyuma ya pazia. Hatua zao zikapita, zikasimama katikati ya ua. Halafu simu ikaita, nikaifungua haraka.

"Simu," akasema baba mkwe, na sauti niliisikia mara mbili, sikioni na kupitia pazia, "mwambie mkamwana kwamba mwanangu ni mwongo. Aliniambia nyumba hii ina rangi ya bluu. Naiona hapa, ni ya kijani."

"Baba, hiyo ni bluu!" mume wangu akalalamika.

"Simu," nikasema, "mwambie baba ni ya kijani kabisa. Niliichagua mwenyewe."