Kimanga Juu ya Mkate

Enzi zetu mkate haukununuliwa, uliletwa. Uliletwa na mgeni kutoka Voi, umefungwa gazeti, na ulipofika kwetu milimani ulikuwa umebonyea upande mmoja. Sisi tulikula mihogo, viazi vitamu na kimanga, yaani maharagwe na boga vilivyopondwa kwa mwiko mpaka vikashikana. Asubuhi tulikula kilicholala. Hakuna aliyeuliza kama kina vitamini. Kijana wa leo akionyeshwa kiporo anashika tumbo kabla halijauma.

Mgeni wa mkate alikuwa shangazi, dada yake baba, aliyeolewa Voi mjini. Mwaka mmoja alikuja kumwangalia dada yangu Mkamburi. Alitaka msichana wa kukaa naye, na akaahidi kumsomesha. Mimi shule niliiacha mapema, sikuipenda nayo haikunipenda, na nilicho nacho nimekipata kwa mikono hii. Lakini Mkamburi alitaka shule kuliko chakula. Mama naye alitaka aende. Nyumba ikafagiliwa mpaka pembeni, na sisi wadogo tukaambiwa tufunge midomo.

Mambo yaliharibika kwenye chai. Kwetu chakula kikavu hakiendi peke yake, lazima kiwe na mboga. Ugali una mboga, muhogo una mboga. Mama akautazama ule mkate, akaona ni mkavu. Akaukata, akauchoma juu ya makaa, akaupaka kimanga kinene cha njano. Juu yake akaweka mnavu uliopondwa, kijani kibichi, na nyanya nyekundu. Akakamulia ndimu. Akampelekea shangazi kwa mikono miwili.

Shangazi alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Wifi, mkate unapakwa siagi. Hiki ni chakula cha watu wa jembe."

"Siagi hatuna," Mama akasema. "Kula, ni mboga."

"Na huyu mtoto nikienda naye, wageni wangu atawapa nini?"

Sisi tulikula vyetu. Vilikuwa vitamu. Shangazi hakula. Kesho yake aliteremka Voi na binti wa jirani. Baba alisema tu, "Kuni zimekwisha." Mkamburi akachukua kamba, akaenda kuni.

Siku hizi nakaa Voi, kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe. Juzi mjukuu wangu Wakesho, aliyesomea mambo ya hoteli, akaniletea kiamshakinywa. Mkate umechomwa, umepakwa boga la kusaga na maharagwe, juu mboga ya kijani, kando bitiruti nyekundu kama kidonda. Nikanyoosha mkono, akaniambia ningoje apige picha. Enzi zetu chakula kilichongojwa kililiwa na mwingine.

"Babu, hii ni tosti ya mboga. Haina nyama, haina siagi. Kule hotelini mbugani wazungu wanaipenda sana."

"Wamekosa siagi?"

"Hawaitaki, Babu."

Nikala. Nikamwambia anifungie vipande viwili, nikapanda milimani kwa Mkamburi. Yeye hajawahi kuhama kule. Nilimkuta anachambua maharagwe. Akakitazama kipande kwa muda, akauma, akatafuna polepole kwa yale meno aliyobakiwa nayo.

"Nani kapika?"

"Wakesho. Kafundishwa chuoni."

"Kumbe hufundishwa," akasema.

Zamani mkate wa namna hiyo ulimbakisha msichana nyumbani, leo msichana anapewa cheti kwa kuupika, na boga ni lile lile la kwetu. Watoto wetu wanadhani wamelivumbua wao. Sawa, acha wadhani.

Mkamburi alimaliza, akafuta mikono kwenye leso, akanyoosha mkono kuchukua cha pili.

"Mwambie ndimu haijatosha," akasema. "Mama alikamua zaidi."