Hapana ya Baraka

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya msingi huku ughaibuni, Wheaton, Mratibu wa Mitihani alinishika bega mlangoni. "Ukiingia humo wewe si bibi wa mtu," akaniambia. "Hutabasamu, husaidii, hujibu." Ndiyo kazi ya msimamizi hiyo, wanangu mnaoianza leo: kugawa, kutazama, kukusanya. Zamani tuligawa karatasi, siku hizi kompyuta ndogo. Ukimya ni uleule.

Mtihani wa jimbo hufanywa na watoto wote wa darasa moja, shule zote, maswali yaleyale. Wapo wazazi wasioutaka. Shuleni kwetu mzazi aliweza kusema mwanawe hafanyi, ila utaratibu ulikuwa huu: mtoto aingie, awekewe mtihani mbele yake, akatae kwa kinywa chake. Akikataa, anapewa kitabu cha hadithi. Akinyamaza, anaanza.

Mwaka wangu wa mwisho alikuja ofisini Mama Baraka, jirani yangu wa ghorofa ya chini, bado na sare yake ya kutunza wazee, amemshika Baraka mkono.

"Mama, zitazame nyusi za mwanangu," akaniambia. "Kila ukikaribia mtihani anazing'oa. Sasa zimekwisha. Nimeshasema hapana. Hapana yangu haitoshi?"

Nikamtafsiria Mwalimu Mkuu, asiyejua Kiswahili.

"Tunaiheshimu," akajibu Mwalimu Mkuu, "lakini mtoto aseme mwenyewe."

Mama Baraka akacheka kicheko kikavu. "Huyu? Huyu hata uji asioutaka anaumaliza, akipewa na mkubwa! Nimemlea hivyo mwenyewe, tena kwa taabu."

Walipoondoka, nilimwomba Mwalimu Mkuu aweke msimamizi mwingine chumba kile, mtu ambaye Baraka hamwiti bibi.

"Kwa nini? Anakufahamu. Atatulia."

Asubuhi ile Baraka aliingia akaniamkia, "Shikamoo, Bibi." Niliitikia kwa macho. Nilijua mama yake amemfundisha njia nzima: sema hapana, usiogope. Nikamwekea kompyuta, nikasoma maelekezo, nikangoja. Hatukuruhusiwa kumuuliza mtoto kama anakataa. Midomo yake ilicheza. Akanitazama usoni, akaitazama kompyuta, kisha akaivuta kwake kwa mikono miwili, kama anayepokea kwa mkubwa.

"Asante, Bibi."

Akaanza. Mkono mmoja ulibonyeza, mwingine ulipapasa juu ya jicho, ukitafuta cha kung'oa.

Sasa nimestaafu. Nanyi msikate tamaa, kazi hii inahitaji watu wenye huruma. Mzazi akija, mwelezeni polepole, hata mara tatu, kitakachotokea chumbani hasa. Yanayosemwa ofisini hayamtoshi.

Baraka hupita kwangu akitoka shule. Namwekea muhogo uliopoa, ule asioupenda, namwambia, "Ukatae, mwanangu. Bibi hatakasirika."

Hunyoosha mikono yote miwili kuupokea.