Mahali pa Uso wa Mama

Kila asubuhi mjini Homa Bay, kabla jua halijawa kali, nyundo zilisikika kutoka chini ya mlima Asego. Ko, ko, ko, mchana kutwa. Walikuwa wanawake wakivunja mawe ya mlima kuwa kokoto, na mama yangu alikuwa mmoja wao. Alikaa juu ya gunia, miguu kainyoosha, vumbi likimjaa kwenye nyusi hadi nikamtania kwamba amezeeka kabla ya chakula cha mchana. Miaka hiyo ya tisini mji ulikuwa unapanuka. Lori zilikuja kuchukua kokoto, na baada ya miezi kadhaa tuliona ghorofa mpya imesimama upande wa ziwa. Tukipita sokoni Mama alinionyesha ukuta fulani, akaniambia kwa madaha kwamba ule ni wake, mwenye jengo amekaa tu ndani. Nilimwamini kabisa, hata nikawa nawaringia watoto wenzangu.

Mpiga picha wetu alikuwa mzee mmoja mwembamba tuliyemwita Japicha. Mkandarasi mmoja alimpa kazi ya kupiga picha za majengo yakipanda, ili awaonyeshe wakubwa wake kwamba kazi inaendelea. Japicha hakupenda picha isiyo na mtu. Siku moja, mchana, alimwita Mama aache nyundo, akamsimamisha karibu kabisa na kamera, nyuma yake bega la Asego, na kando yake mabati mapya ya mji yakishuka hadi majini. Mkandarasi alichukua zake, na nakala moja Japicha akamletea Mama bure. Ndiyo picha pekee aliyowahi kupigwa. Aliiweka ndani ya Biblia, na wageni wakija aliitoa, eti waone mji ulivyokua, lakini mimi nilijua alitaka waone alivyopendeza siku hiyo.

Baba alikuwa ameshafariki, ametuachia ploti ndogo yenye chumba kimoja, na mdogo wake alikuwa ameanza kuizungukazunguka. Ili jina la Mama liandikwe kwenye ploti hiyo alihitaji kitambulisho, na ili apate kitambulisho alihitaji picha. Tulisikia habari hiyo siku ya Jumatano, na karani aliyekuja kuandikisha watu alikuwa anaondoka Ijumaa. Filamu za rangi zilisafishwa Kisumu, na kurudi kwazo kulichukua wiki nzima. Kwa hiyo Mama alifungua Biblia, akaniwekea picha mezani pamoja na wembe. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa nyundo.

"Kata wewe, nyathina, mtoto wangu," alisema. "Mkono yangu inajua nyundo tu."

Nilikuwa na miaka kumi. Nilipima kwa rula ya shule, nikakata mraba safi, bila kukwaruza hata sikio, na nilijivuna mno. Karani aliukodolea macho, kwa sababu nyuma ya sikio la Mama kulikuwa na kipande cha mlima.

"Mama, hii ni ya kitambulisho ama ya kalenda?" alimuuliza, na foleni nzima ikacheka. Mama naye alicheka. Karani akaupokea mraba wangu.

Kitambulisho kilipotoka, Mama alikuwa ameanza kukohoa. Wakati huo watu wengi walikohoa kwetu, na hakuna aliyetaja ugonjwa wenyewe. Alilala kitandani mwaka mzima, kisha akafa kabla jina lake halijaandikwa kwenye ploti. Baba mdogo alikwenda kuchukua kibali cha mazishi, akakabidhi kitambulisho ofisini kama sheria inavyotaka. Nilimngoja njiani. Aliporudi mikono mitupu nilimsihi arudi akaombe angalau ile picha.

"Kipande, kitambulisho ya mtu amekufa, hairudi nyumbani," aliniambia. "Hata ukilia."

Nililia hata hivyo. Tulipotoka kumzika nilikimbia kwa Japicha kuuliza negativu, ile filamu ya kusafishia picha nyingine. Alipekua maboksi yake yote ili nisione vibaya, kisha akaniambia alizikabidhi zote kwa mkandarasi, na mkandarasi alishahama. Ile ploti baba mdogo aliiuza kabla sijamaliza darasa la nane. Nimebaki na mji, mlima, na mwanamke mwenye shimo la mraba juu ya mabega.

Siku hizi vijana wanazipenda picha za zamani. Wanazitafuta, wanazituma kwenye simu, wanashangaa jinsi Homa Bay ilivyokuwa na mabati machache na Asego ilivyokuwa na miti. Mwaka jana niliipeleka yangu kwa kijana mmoja anayetengeneza picha kwa kompyuta. Aliisifu sana, akanitajia majengo ambayo hayapo tena. Kisha akasema hilo shimo si shida, yeye anaweza kuchora uso ukakaa vizuri, mradi nimweleze Mama alikuwaje. Macho makubwa au madogo? Pua je? Alikuwa na mwanya? Alikaa pale na vidole tayari, kijana mwenye adabu, akiningoja. Nilijitahidi. Niliona vumbi, nikaona gunia, nikaona mikono. Nilimwambia mlima uko sawasawa, asiuguse, na kwamba kuhusu uso sijui.